Rutuba isiyobebwa kichwani

Mwezi Machi, mvua zinapoanza kuelekea ukingoni katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, wanaume huingia kwenye mashamba yaliyopumzishwa wakiwa na nyengo mkononi na kufyeka nyasi zilizojaa tangu mavuno yaliyopita. Nyasi huachwa zikauke, kisha hulazwa kwa mistari, mingine ikifuata mteremko na mingine ikiukata, hadi shamba zima linagawanyika miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Hapo ndipo wanawake hufuata na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya nyasi, wakipanda maharage humohumo. Kazi ikiisha, mlima unakuwa umejaa mashimo, kila shimo likiwa limezungushiwa matuta manne, na ndani ya kila tuta kuna nyasi zinazoanza kuoza.

Hiyo ndiyo ngoro, na Wamatengo wamekuwa wakiichimba kwa zaidi ya karne moja. Mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yaliwabana milimani, kwenye miteremko ambayo mvua chache kubwa zingetosha kuisomba rutuba yote hadi bondeni. Ngoro ilijibu shida hizo kwa pigo moja la jembe: shimo hukamata maji, tuta hushika udongo, na nyasi zilizofukiwa hugeuka mboji palepale kwenye mizizi ya mmea utakaoila.

Mpangilio wake wa mazao nao umefikiriwa. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, hivyo vijidudu vinavyoziozesha hunyang'anya nitrojeni iliyomo kwenye udongo. Mahindi yakipandwa wakati huo hubadilika rangi yakawa ya njano na kudumaa. Maharage huvumilia, kwa kuwa mizizi yake hujitafutia sehemu ya nitrojeni kutoka hewani. Yanapovunwa katikati ya mwaka, tuta linaendelea kuiva, na ifikapo Novemba au Desemba mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Magugu ya palizi hutupwa shimoni. Ngoro mpya inapochimbwa baadaye, matuta hupitishwa pale palipokuwa na mashimo, ili udongo mzuri uliokusanyika chini upate zamu yake ya kulisha mazao. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Mbinga kujifunza mfumo huu kwa wakulima wenyewe.

Jambo linaloipa ngoro nguvu, na ambalo halizungumzwi vya kutosha pale mbolea za asili zinaposifiwa, ni kwamba hakuna anayebeba kitu. Nyasi zimeota shambani, zimekatwa shambani, zimeoza shambani.

Kiroba kilipopaa bei

Mjadala wa mbolea za asili ulirudi kwa kishindo Tanzania mwaka 2021 na 2022, pale kiroba cha kilo 50 cha mbolea ya viwandani ya urea au DAP kilipovuka Sh100,000. Bei ya gesi asilia ilikuwa imepanda duniani, kisha Februari 2022 Urusi, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea, ikaivamia Ukraine. Agosti 8, 2022, katika kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ili serikali ibebe sehemu ya gharama.

Bei ya gesi inagusaje mahindi ya Songea au Mbozi? Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch walipata njia ya kuiunganisha na haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa ili kupata amonia, na kiwanda cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Hadi leo sehemu kubwa ya haidrojeni hiyo hutoka kwenye gesi asilia. Mkulima anaponunua mbolea ya kukuzia, kwa kiasi kikubwa ananunua nishati, tena iliyosafirishwa kwa meli na malori.

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walishaonja machungu hayo zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980 mbolea ya ruzuku ndiyo iliyoifanya Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la taifa. Kiwanda cha mbolea kilichojengwa Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ruzuku ikapunguzwa mwaka hadi mwaka hadi ikafutwa kabisa kufikia 1994. Kwa familia nyingi, mbolea iligeuka ghafla kutoka kitu cha kawaida na kuwa anasa, huku mashamba yakiwa yamezoea kulishwa.

Hesabu ya samadi

Ushauri rahisi ni kumwambia mkulima atumie samadi. Ni ushauri mzuri, ila unahitaji hesabu.

Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo kiroba cha kilo 50 kina kilo 23. Samadi ya mkulima mdogo mara nyingi huwa na nitrojeni ya asilimia 1 hivi ya uzito wake mkavu. Ili kupata kilo zilezile 23, anahitaji takribani kilo 2,300 za samadi kavu. Kama hana punda wala mkokoteni na anabeba tenga la kilo 20, hizo ni safari 115 kutoka zizini hadi shambani, na katika nyumba nyingi anayezitembea ni mama. Isitoshe, nitrojeni ya samadi haitoki yote msimu wa kwanza.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unastahili kutajwa kwa uzito uleule. Samadi huleta pia fosforasi, potasiamu na madini madogomadogo ambayo urea haina kabisa. Huongeza mboji inayoufanya udongo wa kichanga ushike maji na wa mfinyanzi upitishe hewa. Faida yake huonekana hata msimu wa pili na wa tatu. Mbolea za viwandani zenye amonia, hasa zikitumika peke yake mwaka hadi mwaka, huongeza tindikali ya udongo. Samadi husaidia kuipunguza. Shamba lililochoka kabisa mara nyingi halinufaiki hata na kiroba, kwa sababu hakuna cha kuishikilia mbolea isisombwe na mvua.

Ubora wa samadi hutegemea ilivyotunzwa. Lundo lililoachwa wazi nyuma ya zizi hupoteza nitrojeni kwa njia mbili: jua huipandisha hewani kama amonia, ambayo ndiyo ile harufu inayowasha pua, na mvua huichuja ikapotelea ardhini. Lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba au kujengewa kibanda huokoa sehemu kubwa ya mali hiyo. Samadi mbichi nayo ina madhara yake: huunguza miche, huingiza mbegu za magugu shambani na huvutia wadudu wanaotafuna mizizi.

Ndiyo maana maofisa ugani husisitiza kuivundika kwanza. Lundo la mboji huanzia chini kwa mabua na vijiti vinavyopitisha hewa. Juu yake huja majani makavu, majani mabichi ya mikunde, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu, kisha tabaka hurudiwa na kunyunyiziwa maji hadi lundo lifike usawa wa kifua. Fimbo ndefu huchomekwa katikati na kuachwa humo. Baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa kwa kiganja. Ikiwa ya moto, vijidudu viko kazini. Ikiwa baridi na kavu, lundo lina kiu; ikiwa baridi na imelowa, lundo limekosa hewa na linahitaji kugeuzwa. Mboji iliyoiva huwa nyeusi na hunukia kama udongo wa msituni, na majani yaliyoizaa hayatambuliki tena.

Kisiwa kilicholisha ng'ombe ili walishe shamba

Kama kuna mahali Afrika Mashariki palipofikisha kazi hiyo kileleni, ni Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria wilayani Ukerewe. Katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936, D. Thornton na N. V. Rounce walieleza kilimo cha Wakara kwa mshangao ulio wazi. Kisiwa hicho chenye mawe mengi na udongo wa kichanga kilikuwa na zaidi ya watu 200 kwa kilomita moja ya mraba, na mashamba yake yalilimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa.

Siri ilikuwa ndani ya nyumba. Ng'ombe wa Wakara walifungwa kwenye zizi lenye sakafu iliyochimbwa kwenda chini, wakakatiwa nyasi na majani ya miti na kuletewa. Walichobakiza walikikanyaga pamoja na kinyesi na mkojo, tabaka juu ya tabaka, hadi shimo likajaa na mbolea ikabebwa kwenda shambani. Ufukweni walichimba vishimo vya kuoteshea nyasi za malisho kwenye unyevu wa ziwa. Miti ilikuwa na wenyewe, na majani yake yalihesabiwa kama mali. Kwenye shamba la uwele walipanda mmea wa mikunde wa jamii ya marejea. Uwele ukishavunwa, mmea huo uliendelea kukua peke yake, kisha ukafukiwa ardhini kuwa mbolea ya kijani.

Maofisa wa kikoloni walidhani wamepata mfano wa kuigwa na wilaya nzima. Lakini wakati wote huo Wakara waliendelea kuhamia Ukerewe na bara, na walipofika kwenye ardhi ya kutosha waliacha kulisha ng'ombe shimoni na kubeba mbolea. Hawakuwa wamesahau ujuzi wao. Walikuwa wamepiga hesabu ya jasho: kisiwani ardhi ilikuwa chache na kazi ilikuwa na malipo; bara, kulima eneo kubwa zaidi kulilipa kuliko kubeba tenga.

Somo la Ukara linawahusu wote wanaohubiri kilimo hai leo. Mkulima anayeacha samadi irundikane nyuma ya zizi mara nyingi anajua thamani yake vizuri kabisa. Anachokosa ni mikono, au chombo cha kuifikisha shambani.

Somo kama hilo lilijitokeza magharibi mwa Kenya. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto (ICRAF), pamoja na taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na misitu, waliuchunguza mmea wa alizeti pori uliokuwa ukiota kwenye nyua za miji ya watu. Matokeo yaliwafurahisha. Tani moja ya majani yake makavu ina takribani kilo 35 za nitrojeni, karibu kilo 4 za fosforasi na kilo 41 za potasiamu, na majani mabichi yakifukiwa huoza upesi mno. Lakini ili kupata tani hiyo ni lazima kukata na kubeba tani kadhaa za majani mabichi. Hesabu ya gharama ilionyesha kwamba jasho hilo hulipa zaidi kwenye bustani ya sukuma wiki na nyanya kuliko kwenye shamba la mahindi. Tena alizeti pori haitengenezi nitrojeni kutoka hewani. Inaihamisha tu kutoka ulipoota ua hadi ilipo bustani.

Mimea inayofanya kazi ya kiroba

Kwa hiyo swali la maana kwa shamba la ekari mbili au tatu ni hili: rutuba gani inaweza kuota humohumo shambani?

Jibu la kwanza ni mikunde. Ruvuma ina historia nzuri ya jambo hili. Padri Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, alitumia miaka mingi kueneza marejea kwa wakulima wa kusini, na kufikia miaka ya 1980 mmea huo ulikuwa umejulikana kwenye vijiji vingi. Marejea yanaweza kupandwa katikati ya mahindi wakati wa palizi au kuachiwa shamba peke yake. Hurefuka kupita kimo cha mtu, hufunika magugu, na hufukiwa yanapoanza kutoa maua, shina likiwa bado laini. Yakichelewa, shina huwa gumu na huchukua muda mrefu kuoza.

Kujua kama mmea wa jamii ya mikunde unafanya kazi hakuhitaji maabara. Mkulima huchimba mche mmoja taratibu bila kukata mizizi, hukung'uta udongo na kutafuta vinundu vidogo vilivyojibandika kwenye mizizi. Kisha hukata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanaifunga nitrojeni ya hewa. Kikiwa cheupe au cha kijani, nitrojeni haitengenezwi.

Mbaazi hufanya kazi hiyo na kuleta chakula pia. Katika Babati na maeneo mengine ya Manyara, wakulima huipanda pamoja na mahindi. Inakua polepole mwanzoni, kwa hiyo haiyasumbui mahindi. Yakishavunwa, inaendelea na unyevu wa chini kwa mizizi yake mirefu na kuangusha majani yanayorutubisha ardhi. Tatizo lake lilionekana mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi na bei ikaporomoka, wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Zao linalorutubisha shamba linahitaji soko kama zao lingine lolote, na familia zinazoila mbaazi zenyewe zina kinga zaidi kuliko zinazoitegemea meli ya kwenda Mumbai.

Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, huko Mbita, Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilipata jibu lingine. Zeyaur Khan na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya funza wa mabua wakaja na mbinu ya sukuma-vuta, ambayo wakulima walianza kuipokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na matete huzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwasukuma nje nondo wanaozaa funza hao. Matete huwavuta wakatage mayai huko. Kisha ikaonekana faida kubwa zaidi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo, iote na kufa kabla ya kunyonya mahindi. Mmea huohuo hufunga nitrojeni, hufunika udongo na hudumu miaka kadhaa bila kupandwa upya. Ukikatwa huwa lishe ya ng'ombe, na ng'ombe huongeza samadi.

Fosforasi haitoki hewani

Mikunde ina mpaka wake. Inaweza kuleta nitrojeni, lakini fosforasi lazima itoke mahali fulani, na kila gunia la mahindi linalopelekwa sokoni linaondoka na sehemu yake. Samadi hurudisha fosforasi ile tu ambayo ng'ombe amekula. Malisho yakitoka kwenye udongo maskini, samadi nayo huwa maskini.

Tanzania ina bahati ya kuwa na Minjingu. Karibu na Ziwa Manyara, mkoani Manyara, kuna tabaka za fosfati zilizotokana na mabaki ya viumbe wa ziwa la kale, ikiwemo mifupa ya ndege kama mnandi na ya samaki walioliwa nao. Kiwanda cha kuchimba na kusaga fosfati hiyo kilianza kazi mwaka 1983. Unga wake huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kama ule wa magharibi mwa Kenya na sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Kwa kuwa ni madini yaliyosagwa tu, yanakubalika pia kwenye kilimo hai. Kuyachanganya kwenye lundo la mboji, au kuyamwaga shambani kabla ya kupanda mikunde, ni njia ya kuunganisha mali ya ardhini na kazi ya mimea.

Kwa nini basi kiroba kisiachwe kabisa? Sri Lanka ilijaribu. Mwaka 2021 serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani ili nchi nzima ihamie kilimo hai kwa mkupuo. Mavuno ya mpunga yalianguka, chai ikayumba, nchi ikalazimika kununua mchele nje, na kufikia Novemba mwaka huohuo marufuku yenyewe ilikuwa imelegezwa. Udongo uliozoea kiroba kwa miaka mingi haujengi mboji kwa msimu mmoja, na hapakuwa na samadi ya kutosha nchi nzima kuziba pengo hilo.

Majaribio mengi ya mashambani Afrika yameelekea kwenye njia ya kuchanganya: samadi, mboji na mikunde zijenge udongo, na kiasi kidogo cha mbolea ya dukani kiwekwe kwenye shina, kwa wakati, badala ya kumwagwa shamba zima. Mwenye ng'ombe wawili na ekari tatu anaweza kupeleka samadi kwenye migomba, mboga na shamba lililo karibu na nyumba, akaacha marejea, mbaazi au desmodiamu zifanye kazi kwenye shamba la mbali ambako tenga halifiki.

Asiye na ng'ombe anaweza kushirikiana na aliye nao. Mkoani Morogoro, ambako wakulima na wafugaji wamewahi kumwaga damu kugombania ardhi na maji, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, limekuwa likiwakutanisha pande hizo mbili ili samadi ya mfugaji ibadilishwe na mabaki ya mazao ya mkulima.

Mwaka 2023 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai unaofika hadi 2030. Utapimwa kwa vitu vya kushikika: je, mbegu za marejea na desmodiamu zinapatikana kwenye duka la pembejeo la kata? Je, kikundi cha akina mama kinaweza kukopeshwa mkokoteni na punda? Je, ofisa ugani ana pikipiki na muda wa kufika shambani kabla samadi haijanyeshewa? Mfumo wa ruzuku ulioanza 2022 umeshasajili wakulima kwa majina, vijiji na ukubwa wa mashamba. Daftari hilohilo linaweza kumpa mkulima mfuko wa mbegu za mikunde na wa fosfati ya Minjingu pamoja na viroba alivyozoea, kisha viroba vipunguzwe polepole kadiri vipimo vya udongo wake vinavyoonyesha kwamba shamba limeanza kujilisha.